Waacheni wachezaji waishi na maamuzi yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni. Nimesoma ushauri mliowapa wapenzi wa gemu za kuigiza wahusika: hifadhi mchezo kabla ya kila mazungumzo na kila pambano, na matokeo yasipokupendeza rudi nyuma uchague upya. Najua mwandishi wenu ameutoa kwa nia njema, na wengi wanacheza hivyo. Mimi naupinga kwa moyo wangu wote. Ni mwalimu wa hisabati, na jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari huwa nasimamia mchezo wa Dungeons & Dragons, ule wa mezani uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson ukatoka mwaka 1974. Mezani hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Dadu ya pande 20 ikishatua, imetua.

Nieleze jambo moja lililotokea kwetu. Katika mchezo huo upo uganga wa kumrudisha mtu aliyekufa punde, lakini una masharti: uwe na almasi yenye thamani ya vipande 300 vya dhahabu, almasi hiyo iteketee, na marehemu awe hajamaliza dakika moja tangu afe. Dakika moja ni raundi 10. Kundi letu lilikuwa kwenye handaki chini ya ngome, mazimwi yanakuja, na waliokwishakufa ni wawili: mwizi aliyeanguka mwanzoni kabisa, na mpiganaji aliyefia langoni. Almasi ilikuwa moja tu.

Binti aliyeigiza kuhani akaniuliza, "Mwalimu, mwizi amebakiwa na raundi ngapi?" Nikamwambia mbili. Akanyamaza. Aliyekuwa akimchezesha mpiganaji akachukua karatasi ya mhusika wake, akaifudikiza mezani, akasema, "Kuhani, mkimbilie mdogo wetu. Mimi nimeishi vya kutosha." Binti akaitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akaifunua tena kwa mkono wake mwenyewe. "Lango la chuma ni zito, na wewe peke yako ndiye unayeweza kulishusha. Nyuma yangu wapo wanne." Akamfufua mpiganaji. Mpiganaji akaamka na pointi moja ya uhai, akashusha lango, na waliobaki wakaokoka. Mwizi akazikwa palepale chini ya mawe.

Tangu siku hiyo kuhani anavaa shingoni vyuma vya mwizi vya kufungulia makufuli. Almasi ya pili walipoipata, kundi zima lilitaka kuiuza maana silaha zao zilikuwa zimechakaa, naye akakataa katakata. Hakuna aliyemwandikia hayo, si mimi wala kitabu cha kanuni. Yamezaliwa na uamuzi ambao hakuweza kuufuta. Kwa ushauri wa mwandishi wenu, binti yule angerudi nyuma nusu saa, angemtibu mwizi mapema, wote wangetoka wazima, na yeye angebaki kuhani kama makuhani wengine.

Watunzi wa gemu za kompyuta wanalijua hili. Katika Undertale, ya mwaka 2015, ukimuua Toriel, yule mlezi wa mwanzoni, kisha ukarudi nyuma ili umwache hai, yupo kiumbe anayekukabili na kukwambia anajua ulichofanya. The Witcher 3, ya mwaka huohuo, imetumia njia nyingine: imeyaweka matokeo mbali. Unakuta roho iliyofungwa chini ya mti. (Asiyeicheza aruke mistari michache, maana nasimulia.) Ukiifungua, watoto yatima wanapona lakini kijiji kizima kinaangamia, na mke wa baroni, mtawala wa eneo hilo, anafikwa na laana na kufa, naye mumewe anajinyonga. Ukiiua roho hiyo, mke huyo anabaki hai bila akili zake, na watoto hawaonekani tena. Habari hizo zinakufikia ukiwa umeshafanya mengine mengi, kwa hiyo anayetaka kurudi itambidi ayatupe yote hayo. Nadhani ndiyo maana watu bado wanabishania mti ule hadi leo.

Lakini si kila mtunzi ana ujasiri huo. Dragon Age: Origins, ya mwaka 2009, inakupa mtoto aliyeingiwa na pepo. Umuue, au umwache mama yake atoe maisha yake kwa uchawi wa damu ili mwanawe aokolewe. Hapo moyo unauma kweli. Kisha inakupa njia ya tatu: nenda kwenye mnara wa wachawi ukaombe msaada. Safari ni ndefu, na pepo yule usiku uliotangulia alikuwa akikituma kijijini jeshi la wafu. Ungetegemea urudi ukute maafa. Unarudi, kijiji kimetulia vilevile, mtoto anaponywa, mama mzima. Gemu ile naipenda sana, ila hapo walituonea huruma isiyotufaa.

Najua hoja ya upande wa pili: pambano gumu ni bahati nasibu, kwa nini mtu apoteze mhusika aliyemlea kwa miezi kwa sababu ya dadu mbaya? Hapa nitasema kama mwalimu wa hisabati, maana hapa ndipo ukurasa wenu ungeweza kuwasaidia watu.

Chukua mazimwi wanne, kila mmoja ana pointi 60 za uhai, na kundi lenu linatoa madhara ya pointi 60 kwa raundi, nanyi ndio mnaoanza. Mkigawa mapigo sawasawa kwa wote wanne, hakuna atakayeanguka mpaka raundi ya nne, na kufikia hapo mmeshapigwa mara 12. Mkimkazania mmoja hadi afe ndipo mwende kwa mwingine, mnapigwa mara 3, kisha 2, kisha 1. Jumla 6. Nguvu ni zilezile, silaha ni zilezile, na kipigo kimepungua nusu. Zimwi lililobakiwa na pointi moja linapiga kwa nguvu ileile ya zimwi zima. Wanaolalamikia bahati wengi wao wanatawanya mapigo.

Kanuni hiyo inafanya kazi upande wenu pia, kama mpiganaji wetu alivyoshusha lango akiwa na pointi moja. Dawa ndogo kwa aliyeanguka, yaani aliyeishiwa pointi za uhai lakini hajafa, ina faida kuliko dawa kubwa kwa aliyejeruhiwa akiwa bado amesimama. Mezani kwetu aliyeanguka hurusha dadu kila zamu yake: 10 au zaidi amefaulu, chini ya hapo ameshindwa, na akishindwa mara 3 amekufa. Nafasi yake kila mara ni 11 kati ya 20, na akipata 1 inahesabiwa kushindwa mara mbili. Msimwache na hesabu hiyo kwa raundi nyingi mkisema atajitahidi mwenyewe.

Na kukimbia! Sijui kwa nini wachezaji wanaona aibu. Kabla hamjaingia pangoni, kubalianeni nani atatoa amri ya kurudi nyuma na mtapitia wapi. Amri itolewe wa kwanza anapoanguka. Mkingoja wa tatu aanguke, waliosimama hawatatosha kuwabeba waliolala.

Anayerudi nyuma kila akishindwa hajifunzi lolote kati ya haya, kwa sababu anachofanya ni kurusha dadu upya mpaka zimkubali. Nikitazama jinsi Baldur's Gate 3 ilivyoongezewa mwishoni mwa 2023 namna ya kucheza iitwayo ya heshima (Honour Mode), yenye hifadhi moja tu, ambayo kundi zima likifa safari ya heshima imekwisha, naona hatuko wachache tunaotaka hivi. Mwenye muda mchache achague kiwango chepesi, sina ugomvi naye, na kuhifadhi mchezo ili mashine ikizimika usipoteze kazi yako ni busara. Ninachokipinga ni kumfundisha anayeanza leo kwamba kila maumivu yana kitufe cha kuyafuta.

Namwomba mwandishi wenu, katika makala yake ijayo, aeleze namna ya kupanga njia ya kukimbia na namna ya kuchagua adui wa kwanza. Hesabu za mapambano ninazo za kutosha, za makundi madogo na makubwa, nami nitamtumia bila malipo.

Wako katika mchezo,
Mwalimu wa hisabati na msimamizi wa meza