Barua kwa Mjomba: Namba za Matetemeko na Volkano

Kagoshima, Japani

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, pamoja na Bibi, Mama na watoto wote hapo Mikindani. Mimi sijambo na kazi zinaendelea vizuri.

Katika simu yetu ya mwisho uliniuliza maswali mawili ambayo nimeona yanastahili kujibiwa kwa maandishi. La kwanza, iweje tetemeko la Bukoba la mwaka 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liue watu 17, ilhali lile la huku kusini mwa Japani la tarehe 8 Agosti 2024, lenye ukubwa wa 7.1, halikuua hata mtu mmoja? La pili, kati ya tetemeko na volkano ni kipi cha kuogopwa zaidi, maana unajua kwamba dirisha langu linatazamana na mlima wa volkano wa Sakurajima? Nakujibu kwa kirefu kwa kuwa wewe ndiye msimamizi wa ujenzi wa nyumba ya familia, na sehemu ya jibu imo katika kuta za nyumba hiyo.

Namba inayotangazwa redioni hupima nguvu iliyotoka kwenye chanzo chenyewe, kule chini miamba ilikopasuka na kuteleza. Charles Richter alianzisha upimaji huo huko California mwaka 1935, akitumia ukubwa wa mchoro uliochorwa na mtambo wa kurekodi mitetemo. Siku hizi wataalamu hutumia zaidi kipimo cha Thomas Hanks na Hiroo Kanamori cha mwaka 1979, ambacho huangalia eneo la ufa ulioteleza, umbali ulioteleza na ugumu wa miamba yake. Ukipanda ngazi moja, nishati inayotoka huongezeka takriban mara 32. Ukipanda ngazi mbili, huongezeka mara 1,000. Kwa hesabu hiyo tetemeko la huku lilitoa nishati zaidi ya mara 60 ya lile la Bukoba. Sasa lilinganishe na la Haiti la Januari 2010. Ukubwa wake ulikuwa 7.0, karibu sawa kabisa na la huku, lakini liliua watu zaidi ya 100,000, kwa sababu ufa ulipasuka karibu na uso wa ardhi, jirani na mji wa Port-au-Prince uliojaa majengo mazito yasiyofungwa kwa nondo za kutosha. La huku lilianzia chini ya bahari, na nyumba nyingi zilizolipokea zimejengwa kwa kanuni ambazo Wajapani walizikaza mwaka 1981.

Ndiyo maana kuna kipimo cha pili, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachomhusu zaidi mwenye nyumba, nacho ni kile kinachoeleza ukali wa mtikisiko mahali mtu alipo. Padri Mwitaliano Giuseppe Mercalli alitunga kipimo cha namna hiyo mwaka 1902, nacho baada ya kurekebishwa kina ngazi 12 zinazofuata yale yanayoonekana kwa macho: taa ya kuning'inia imeyumba, vyombo vimeanguka kabatini, ukuta umepata ufa, nyumba imelala chini. Wajapani wana chao kinachoanzia 0 hadi 7, ambacho ngazi zake za 5 na 6 zimegawanywa kuwa ya chini na ya juu, na husomwa na mitambo iliyotapakaa nchi nzima. Ngoma ikipigwa Mikindani ina kishindo kimoja, lakini aliye uwanjani na aliye Mtwara mjini hawakisikii sawa; vivyo hivyo tetemeko moja lina ukubwa mmoja, lakini ukali wake hutofautiana kutoka mahali hadi mahali kutegemea umbali, kina na aina ya udongo. Siku ile ya Agosti mji wa Nichinan ulipata ngazi ya 6 ya chini. Televisheni za huku hutangaza kwanza ukali uliosomwa kila eneo, ndipo hufuata ukubwa, na mimi naona huo ndio utaratibu wa haki, kwa kuwa mtu hutaka kujua kwanza hali ilivyo kule aliko mama yake.

Ukubwa wenyewe pia huchelewa kujulikana. Tarehe 11 Machi 2011, lilipopiga lile tetemeko kubwa la kaskazini mashariki mwa Japani, makadirio ya kwanza yalikuwa 7.9, kwa sababu mbinu ya haraka hushindwa kuyapima matetemeko makubwa mno. Tahadhari ya kwanza ikataja tsunami ya mita 3 katika mkoa wa Iwate na mita 6 katika mkoa wa Miyagi, na bahari ikaja juu kupita hapo. Baadaye ukubwa ulirekebishwa hadi 9.0. Hili naomba watoto wetu wanaocheza ufukweni walijue: ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, wapande mlimani mara moja, wasingoje namba ya mtu yeyote. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyotokana na tetemeko la 9.1 huko Sumatra, ilifika hadi pwani ya Tanzania na kuua watu, ingawa huko kwetu hapakuwa na mtikisiko wa kumwonya mtu, na kwa hali kama hiyo hatuna budi kutegemea tahadhari rasmi. Lakini tarehe 11 Aprili 2012 lilitokea jingine la 8.6 pande hizo hizo, na halikuleta tsunami ya maana, kwa kuwa miamba iliteleza kwa ubavu bila kuinua sana sakafu ya bahari.

Sasa nije kwenye volkano. Sakurajima ina urefu wa mita 1,117 nayo iko ng'ambo ya ghuba, kilomita chache tu kutoka mjini. Katika mwaka 2011 ililipuka karibu mara elfu moja. Watabiri wa hali ya hewa hutangaza upepo wa kileleni unaelekea wapi, ili wenye nguo za kuanika wajue, na manispaa hugawa mifuko ya njano ambayo kila kaya huijaza majivu iliyofagia na kuipeleka mahali pa kukusanyia. Majivu haya si kama ya kuni. Ni chembe za mwamba na vioo. Ukiyafuta kwa kitambaa kikavu yanakwaruza kioo cha gari, na yakilowa huwa mazito kupita kiasi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, kimbunga kilipita wakati ule ule kikalowesha majivu, na wengi waliokufa waliangukiwa na mapaa.

Kipimo cha milipuko kilitungwa na Chris Newhall na Stephen Self mwaka 1982. Kina ngazi 0 hadi 8, na huangalia hasa ujazo wa majivu na mawe yaliyorushwa, pamoja na kimo cha wingu. Kuanzia ngazi ya 2, kila ngazi ni mara 10 ya iliyotangulia. Pinatubo ilipewa 6, na Tambora ya mwaka 1815 ikapewa 7. Nevado del Ruiz ya Kolombia, Novemba 1985, ilipata 3 tu, lakini joto lake liliyeyusha barafu ya kileleni, tope likashuka mabondeni usiku na kuufunika mji wa Armero, wakafa watu takriban 23,000. Pinatubo, iliyorusha vitu vingi mara mamia, iliua mamia ya watu, kwa kuwa maelfu kwa maelfu walihamishwa mapema.

Kipimo hicho kina upungufu mwingine unaotugusa sisi watu wa Kusini. Volkano hai iliyo karibu zaidi na Mtwara si Oldoinyo Lengai, bali ni Karthala ya kisiwa cha Ngazija, Komoro, chini ya kilomita 400 kutoka kwetu, ambayo mwaka 2005 majivu yake yalichafua maji ya kunywa ya watu wengi kisiwani. Mbele yake, karibu na kisiwa cha Mayotte, matetemeko yalianza Mei 2018, kubwa lao likiwa 5.9, na mwaka uliofuata watafiti wakakuta volkano mpya chini ya bahari, yenye kimo cha mita 800 hivi. Ilikwisha kutoa zaidi ya kilomita 5 za ujazo za lava. Kwa kuwa lava hiyo ilitiririka kwenye sakafu ya bahari bila kurusha majivu angani, kipimo cha milipuko hakiwezi kuipa haki yake.

Kwa swali lako la pili, mimi naliogopa zaidi tetemeko. Duniani hutokea matetemeko 15 hivi ya ukubwa wa 7 au zaidi kila mwaka, na hakuna ajuaye siku wala saa. Milipuko ya ngazi ya 6 huja mmoja au miwili kwa karne, na kwa kawaida mlima hutoa dalili. Dalili, hata hivyo, zinahitaji kusikilizwa. Januari 1914 wakazi wa Sakurajima walihisi ardhi ikitetemeka mfululizo, lakini kituo cha hali ya hewa kikawaambia mlima hautalipuka. Tarehe 12 ukalipuka, na jioni tetemeko la ukubwa wa karibu 7 likaupiga mji. Lango la hekalu la Kurokami, lililokuwa na kimo cha mita 3, lilizikwa, na leo inaonekana mita moja tu ya juu. Baadaye wenyeji walisimamisha jiwe linalowausia wazao wao wasitegemee nadharia, bali wakiona dalili waondoke mapema. Nimesimama mbele ya jiwe hilo kwa heshima kubwa.

Mtwara haimo katika mkondo mkuu wa Bonde la Ufa, lakini nyufa zimo baharini mbele yetu, na tetemeko la tarehe 12 Agosti 2020, la ukubwa wa karibu 6, lilianzia baharini likawatoa watu wa Dar es Salaam majumbani. Kwa hiyo nakuomba, Mjomba, umwambie fundi kwamba linta izunguke kuta zote, za nje na za ndani, bila kukatika, na nondo zipishane vizuri kwenye kona. Asitumie mchanga wa ufukweni, maana chumvi hula nondo, na zege limwagiliwe maji kwa wiki nzima. Kuta za pembetatu zinazofika kwenye kenchi zisiwe za tofali tupu.

Fedha za nondo nitazituma mwisho wa mwezi. Nijulishe msingi umefikia wapi, na unipelekee salamu kwa Bibi.

Wako mtiifu,
Mpwa wako