Trauti Amekuona Kabla Hujarusha Mshipi

"Huko kwenu samaki wanapenda nzi gani?" Swali hilo tunaulizwa kwa simu hata kabla ya bei ya chumba. Jibu lipo: nzi bandia wa kufungwa kwenye ndoana, wadogo, weusi au wa kahawia, wanaozama kidogo. Ila wageni wengi wanaorudi mikono mitupu kutoka mito ya Gura na Chania hawakuangushwa na nzi. Waliangushwa na miguu yao.

Trauti, samaki tunayemvua hapa, hukaa akiukabili mkondo, akingoja maji yamletee chakula. Mbele, kando na juu anaona vizuri, lakini nyuma ya mkia haoni kitu. Ukishuka ukingoni kufuata maji yanakokwenda, unamjia usoni. Basi anzia chini, ukipanda taratibu. Ukikaribia kidimbwi, piga goti, na kivuli chako kisitangulie majini. Shati jeupe liache chumbani. Kishindo nacho humfikia kupitia udongo wa ukingo, kwa hiyo nyata kama mtu anayechelewa kurudi nyumbani.

Mito yetu ya Aberdare ni myembamba, na matawi yameinamia maji. Mshipi wa mita sita au saba unatosha kabisa. Wapo wanaotuletea fimbo nzito walizozoea kuvulia baharini Watamu. Hapa zitavua majani tu. Fimbo ya futi 7 au 8, namba 3 au 4 (yaani ya mshipi mwepesi), ndiyo yetu, na kama huna tunakuazima.

Sasa mvua, maana hapo ndipo malalamiko yanapozaliwa. Jua linaweza kuwaka kwetu huku mvua ikinyesha juu milimani, na baada ya saa chache mto unageuka chai ya maziwa. Hapo hata bingwa atakaa tu barazani. Tupigie siku moja kabla ya safari. Tutakwenda kuutazama mto na kukwambia ukweli, na tarehe tunaihamisha bila malipo. Aprili na Mei mvuvi hatumshauri aje. Januari na Februari ndio wakati mzuri. Julai pia si mbaya, mradi ulete sweta mbili.

Trauti wa kahawia si mwenyeji: waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, wakaachiwa kwenye mto Gura. Hata hivyo tunawarudisha majini. Kijino cha ndoana tunakibana kwa koleo, na mkono unaloweshwa kabla ya kumshika samaki, kwani mkono mkavu humvua ule utelezi unaomkinga na maradhi. Samaki utakayemla jioni anatoka kwenye bwawa la kufugia, usiwe na wasiwasi.

Leseni ya kuvua tunakusaidia kuipata. Ndani ya hifadhi tunatembea na askari wa wanyamapori, kwa sababu njia za kwenda mtoni zimechongwa na ndovu na nyati, si na sisi. Askari akisema turudi, tunarudi, hata kama samaki ndiyo kwanza ameanza kudonoa.