Risala ya wanafunzi wa uuguzi na wahamasishaji wa jamii wa Kadutu, Bukavu, kwa Mganga Mkuu wa Zoni ya Afya

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Papa Mganga Mkuu wa Zoni, walimu wetu, wauguzi wakuu wa vituo, wazazi na wageni waalikwa, karibuni. Tunakushukuru, Papa, kwa kuacha kazi zako nyingi na kuja kutusikiliza.

Leo tunapenda kusema juu ya Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Umma, INSP. Mtaani wengi huidhania kuwa ofisi ya Kinshasa ya kutangaza idadi ya wagonjwa redioni. Iliundwa mwaka 2022 ili ufuatiliaji wa magonjwa, uongozi wa dharura, uratibu wa maabara na mafunzo ya wapelelezi wa magonjwa vipate msimamizi mmoja. Kutibu mgonjwa kitandani si kazi yake. Kazi yake ni kujua mapema ugonjwa uko wapi, ni wa aina gani, na nani aende kuuzuia.

Nchi ina mikoa 26 na zoni za afya 519. Kivu Kusini peke yake ina 34. Kila wiki hesabu hutoka kituoni, hupita kwako, hufika mkoani, kisha Kinshasa. Kituo kisichokuwa na mgonjwa kinatakiwa kuandika sifuri. Kikinyamaza, huko juu hakuna atakayejua kama ni uzima au ni mtandao uliokatika.

Mkoa wetu una mfano wake. Septemba 2023, huko Kamituga, mpox, ugonjwa wa kirusi unaotoa vipele mwilini, ilianza kuonekana kwa watu wazima, wengi wao wakiwa wameipata kwa kugusana mwili, hata katika tendo la ndoa. Kipimo cha PCR, yaani cha maabara kinachotafuta jeni za kirusi, cha kutambua tawi la kwanza la kirusi kilitafuta kipande cha jeni ambacho kirusi hiki kilikuwa kimekipoteza. Ilibidi wataalamu wasome jeni zake zote ndipo wakatambua tawi jipya, Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Bila sampuli zilizotoka Kamituga, ugunduzi huo usingekuwepo. Ndiyo maana tunasema taasisi ya kitaifa inaanzia mikononi mwa muuguzi wa kituo.

Na mikononi humo ndimo mambo huharibika. Sampuli ya mpox huchukuliwa kwa kusugua kipele kwa nguvu kwa kijiti cha pamba, vipele viwili vya sehemu tofauti za mwili, kisha kijiti kinaingia katika kichupa kikavu. Ndani ya saa moja kiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Safari ikizidi siku 7, kigandishwe. Mtoto aliyelegea ghafla mguu au mkono, anayeshukiwa kuwa na polio, huchukuliwa choo mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, kabla siku 14 hazijapita tangu alegee. Kila mara gramu 8 hivi, kiasi cha kidole gumba cha mtu mzima. Nayo husafiri kwenye baridi. Kipindupindu ni kinyume: choo huchukuliwa kabla ya dawa ya kuua vijidudu, kijiti huzamishwa katika Cary-Blair, yaani ute maalumu wa kusafirishia sampuli, na barafu haihitajiki. Anayezitunza zote kwa namna moja hupoteza mojawapo.

Kuna kosa dogo linalogharimu sana: jina la mgonjwa kuandikwa kwa kalamu ya kawaida. Barafu ikiyeyuka, wino unatoka, na kichupa kinafika maabara bila mwenyewe. Iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika, na fomu ifungwe katika mfuko wake wa plastiki, mbali na barafu. Tarehe ya kuanza kuugua isiachwe wazi, kwani bila hiyo hakuna anayeweza kuhesabu ni lini wengine waliambukizwa.

Kipimo cha kazi hii yote kinaitwa 7-1-7: siku 7 kuutambua mlipuko, siku 1 kutoa taarifa na kuanza uchunguzi, siku 7 kukamilisha hatua za kwanza za kuuzuia. Kwetu sisi, ambao watu wetu huvuka Ruzizi kila asubuhi kwenda na kurudi, siku moja ya kuchelewa inawahusu hata majirani zetu wa Rwanda.

Papa Mganga Mkuu, tuna maombi. Kila kituo kipate kisanduku cha baridi, na nauli ya sampuli iwekwe zoni mapema, isitafutwe siku mgonjwa ameonekana. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wafanye mazoezi ya kujaza fomu za uchunguzi vituoni. Ombi lililo zito kuliko yote ni majibu. Jibu la maabara lirudi kwa maandishi hadi kituo kilichotuma sampuli, hata likiwa la kusema hakuna ugonjwa. RECO, yaani mhamasishaji wa jamii, aliyeripoti nyumba moja asipate jibu, nyumba ya pili ataipita tu, na familia iliyotoa damu ya mtoto wao ina haki ya kujua.

Mezani pako kuna daftari tulilolichora lenye safu nne: namba ya sampuli, siku ilipoondoka, siku jibu liliporudi, na jina la aliyeipelekea familia habari. Tunaomba kituo kimoja cha zoni kianze kulitumia Jumatatu ijayo.

Tunaomba kuwasilisha.