Uwanja wa kando ya ziwa uwe na boti

Ndugu Mhariri,

Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walifariki, 24 wakanusurika. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), Kiambatisho cha 14, zinataka uwanja ambao ndege zake hutua na kuruka kupitia juu ya maji uwe na waokoaji na vifaa vya majini. Gari la zimamoto, hata likiwa jipya, huishia ufukweni.

Wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Bukoba, Musoma na Mwanza wasiishie kuhesabu majaketi okozi stoo (makaratasi yetu huwa safi siku zote). Waagize boti ishushwe, injini iwashwe, na muda upimwe.

Msomaji,
Bukoba