Mahudhurio ya madiwani yabandikwe kwenye ubao wa kata

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo nimelisema kijiweni mpaka vijana wa bodaboda wananiita mwanasheria.

Sisi watu wa manispaa hapa Mtwara tunapiga kura ya diwani kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho Oktoba 29, 2025, halafu tukishaosha ule wino kidoleni basi, hatujui tena anaingia vikaoni au haingii, analipwa shilingi ngapi, na akifa au akijiuzulu nani anatakiwa afanye nini. Ukiuliza kijiweni utaambiwa diwani anakula mamilioni kama mbunge. Wapi! Diwani hana hata mshahara, ana posho ya mwezi na posho ya kikao, na ile ya mwezi iliyokuwa ikitajwa bungeni miaka ile ni 350,000. Kwa hela hiyo achangie misiba ya kata nzima, apigiwe simu usiku mgonjwa hana nauli ya hospitali ya Ligula, na harusi nazo kadi zinamfuata yeye kwanza. Mimi simtetei, nasema tu kwamba hesabu ikifichwa watu wanajitungia ya kwao, na huyo huyo diwani ndo anayeumia.

Sasa mahudhurio. Sheria yetu ya serikali za mitaa inasema diwani akikosa mikutano mitatu mfululizo ya baraza bila ruhusa anapoteza kiti. Baraza la kawaida linakaa kila robo mwaka, kwa hiyo mitatu mfululizo ni kama miezi tisa hivi, mtoto anabebwa tumboni mpaka anazaliwa diwani hajatia mguu ukumbini! Ni sheria kali lakini anayeijua ni nani, na hata ukiijua utahesabuje wakati daftari la mahudhurio liko manispaa kwenye kabati? Najua mikutano ya baraza ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kwenda kukaa nyuma akasikiliza. Haya, mama muuza samaki pale feri aache beseni lake la samaki aende kuhesabu madiwani?

Ofisi ya kata yangu (siitaji, wasije wakanitafuta) ina ubao wa matangazo wenye kioo. Juzi nimesimama mbele yake nikausoma wote: tangazo la chanjo lililopauka, kitambulisho cha mwanafunzi kilichookotwa, karatasi ya kukumbusha leseni za biashara, na chini kuna buibui kajenga. Nafasi ipo tele. Karatasi moja tu ya kila robo mwaka, diwani alihudhuria vikao vingapi kati ya vingapi, alilipwa posho gani, inakaa pale vizuri kabisa.

Na kiti kikibaki wazi ndo kabisa. Diwani wa kata akifariki au akijiuzulu, au akiondoka kwenye chama chake, taarifa inapanda mpaka kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, waziri anaiandikia Tume ya Uchaguzi, Tume ndo inatangaza uchaguzi mdogo. Akiwa wa viti maalum hakuna kupiga kura, Tume inateua mwingine wa chama kile kile. Safari yote hiyo ya barua mpiga kura hatajwi popote, anakuja kushtukia gari la matangazo linapita mtaani. Na huku kata haina mtu wa kuinua mkono kwenye baraza, bajeti inapita, naibu meya anachaguliwa kila mwaka na madiwani wenyewe kwa wenyewe (meya naye hatumpigii kura sisi, tunamwita tu Mstahiki), kata yetu hamna hata kura moja mle ndani. Mtaro wako ukisahaulika mwaka huo utamlaumu nani?

Kuhusu wanaojiuzulu sina maneno mengi. Novemba 26, 2017 nchi hii ilifanya uchaguzi mdogo kwenye kata 43 siku moja, na Februari 2018 kule Kinondoni na Siha tukaona wabunge waliojiuzulu chama kimoja wanarudi kuomba jimbo lile lile kwa chama kingine. Masanduku, mafuta ya magari, posho za wasimamizi, hela yetu yote hiyo. Mtu anaugua au anafiwa anaacha kiti, sawa, tunaelewa, lakini anayeacha kwa hiari yake mwenyewe kwa nini aruhusiwe kugombea kiti hicho hicho kabla muhula haujaisha? Wabunge wetu wa Kusini wakiangalie hicho kifungu.

Hilo la sheria litachukua muda, najua. La ubao halihitaji Bunge wala waziri. Mkurugenzi atoe agizo, mtendaji wa kata aprinti karatasi, na kiti kikiwa wazi aandike tarehe kilipoachwa na tarehe barua ilipotoka manispaa kwenda juu. Funguo ya kile kioo nimeulizia, anayo mlinzi.

Mkazi wa Mtwara