Barua kwa mpwa wangu aliyeko Mtwara, kuhusu galaksi iliyo juu kidogo ya maji

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Uliniuliza kwenye simu kwa nini picha yangu ya M81 na M82, galaksi mbili (yaani makundi makubwa mno ya nyota) zilizo jirani, ina rangi ya chai ya maziwa, ilhali picha za galaksi hizohizo zinazopigwa Ulaya zina mikono ya buluu inayometa, yaani ile michirizi ya nyota inayojipinda kuzunguka kitovu. Tena ukauliza kama wewe, huko Mtwara, unaweza kupata iliyo bora zaidi kwa lenzi ileile. Nilikujibu kwa mzaha kwa sababu salio lilikuwa linakata. Sasa nakujibu kwa kirefu, na hadharani, kwa kuwa si wewe peke yako uliyeniuliza.

Tuanze na hesabu. M81 iko nyuzi 69 kaskazini mwa ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, na Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta ya dunia. Jumlisha hizo mbili, toa katika 90, utapata nyuzi 18 na ushei, na huo ndio urefu wa juu kabisa ambao galaksi hiyo itaufikia hapa kwetu, hata ukeshe mwaka mzima. Ukinyoosha mkono na kukunja ngumi, upana wa ngumi ni takriban nyuzi 10. Kwa hiyo sisi tunapata ngumi mbili kasoro juu ya upeo wa macho, na ninyi wa Mtwara, mlio nyuzi 10 na robo kusini, mnabaki na ngumi moja tu. Mtu aliyeko Cape Town haioni kabisa, maana kwake haichomozi. Mwanaastronomia Johann Elert Bode, aliyeziona zote mbili kwa mara ya kwanza akiwa Berlin tarehe 31 Desemba 1774, hakuwa na shida hii: kule hupanda hadi nyuzi 73 na hazitui kamwe.

Basi rangi ya chai inatoka wapi? Mwanga umesafiri takriban miaka milioni 12 bila kudhurika, kisha unaharibikiwa katika kilomita chache za mwisho. Nyota iliyo utosini huonekana kupitia unene mmoja wa hewa. Iliyo nyuzi 18 huonekana kupitia unene wa mara tatu hivi, na kwa urefu wa Mtwara ni zaidi ya mara tano. Hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na ndiyo maana jua la machweo huwa jekundu. Sasa, mikono ya M81 ni ya buluu kwa sababu ya nyota changa, na kitovu chake ni cha manjano kwa sababu ya nyota kongwe, kwa hiyo kinachonifikia ni kitovu, mikono ikiwa imeachwa njiani. Najua programu inaweza kuivuta ile buluu kwa nguvu. Nimejaribu, na nilipofika mahali ambapo hata mwanga wa mji uliomulika ukungu uligeuka buluu, nikafuta kazi yote, kwa sababu huko si kupiga picha tena bali ni kupaka rangi.

Hewa hiyohiyo hufanya pia kazi ya mche wa kioo, ule unaotawanya mwanga katika rangi zake. Kila nyota chini kule hutokea na ukingo wa buluu upande wa juu na mwekundu upande wa chini, hivyo ni lazima utenganishe rangi tatu za picha, uzipange upya moja juu ya nyingine, ndipo uziunganishe.

Halafu kuna ziwa. Kwetu kaskazini ndiko maji yaliko, na mtu asiyeishi hapa angedhani hiyo ni bahati tupu, kwa kuwa hakuna taa za barabarani ziwani. Njoo usimame mwaloni Kayenze usiku wa giza uone. Wavuvi wa dagaa hutoka siku zilezile ambazo mimi nazitaka, zisizo na mbalamwezi, kwa sababu dagaa hufuata taa pale tu ambapo mwezi haushindani nayo. Upeo wote unakuwa kama mji mwingine ulioelea. Siwalaumu, wao wanatafuta riziki na mimi natafuta ukungu wa mwanga. Radi ndiyo inayonikatisha tamaa zaidi. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka kingo za ziwa kuelekea katikati, unakutana huko, hewa yenye unyevu inapanda, na mawingu ya mvua yanajijenga palepale galaksi ilipo, wakati utosini kwangu nyota zinawaka bila doa. Pia usitegeshe kamera juu ya mawe yetu haya makubwa, hata kama mandhari inakushawishi, kwa sababu yameota jua mchana kutwa na hewa iliyo juu yake hutetemeka hadi usiku wa manane.

Kuhusu mashine ya kufuata nyota, inayozungusha kamera ili iende pamoja na anga, nikiri kosa langu. Usiku wa kwanza niliacha swichi yake upande wa kaskazini, mota ikazunguka kinyume, na badala ya vitone nikapata mistari mirefu mara mbili ya ile ambayo ningepata bila mashine yoyote. Huku, mhimili wake unapaswa kuelekea kusini na kulala karibu sambamba na ardhi, nyuzi mbili na nusu tu. Mashine nyingi haziwezi kuinama kiasi hicho mpaka uinamishe stendi yenyewe, na hapo uzani wa kusawazisha huanza kugonga miguu ya stendi. Nyota ya Kaskazini, ambayo watu wa mwambao waliiita Jaa, haionekani hapa, na ile hafifu iliyo karibu na ncha ya kusini ya mbingu, mahali ambapo nyota huonekana kupazunguka, imezama katika taa za mji. Inabidi uangalie nyota moja inavyoteleza kwenye kioo cha kamera, urekebishe, uangalie tena. Afueni ni kwamba nyota zilizo karibu na ncha ya mbingu hutembea polepole: kwenye M81 mwendo ni kama theluthi moja ya ule wa nyota za ikweta, kwa hiyo kosa dogo husamehewa.

Ukiniuliza tuanze na ipi, nitasema M82, ile nyembamba iliyo chini kidogo ya mwenzake. Mwanga wake umekusanyika mahali padogo, na nyuzinyuzi za gesi ya haidrojeni zinazochomoza katikati yake ni nyekundu, rangi ambayo hewa haiibi sana. Ni ng'avu kiasi kwamba tarehe 21 Januari 2014 mwanaastronomia Steve Fossey na wanafunzi wake waligundua supanova, yaani nyota iliyolipuka, ndani yake wakiwa London, jiji lililojaa taa.

Kwa hiyo usihangaike huko Mtwara. Njoo huku Februari, kabla ya masika. Katikati ya mwezi huo galaksi hizi hufika kilele saa saba usiku, nazo hukaa juu ya nyuzi 15 kuanzia karibu saa tano hadi saa tisa na robo. Utazitafuta kwa kupiga mstari kutoka nyota ya Phecda hadi Dubhe, katika kundi la nyota la Dubu Mkubwa, na kuuendeleza kwa urefu uleule, chini kushoto. Betri nitazichaji mimi, lakini lenzi ya milimita 300 uliyoiazima wakati wa Pasaka bado iko kwako. Usiisahau.

Mjomba wako,
Mwanza