"Mmeniuzia kopo": kwa nini tunang'ang'ania antena

Wiki hii huyu ni wa tatu. Kaingia karakana, kaitua redio ya gari ya DAB+ (redio ya kidijitali; DAB+ ni toleo jipya la mfumo wa DAB) mezani bila hata salamu: "Mmeniuzia kopo." Tukaichomeka kwenye antena yetu, tukabonyeza kusaka, orodha ya stesheni ikajaa kioo kizima. Redio nzima kabisa. Kilichomponza ni antena aliyoikataa siku ya kununua, akaenda kufungiwa kwingine kwa nusu ya hela yetu.

Basi tuelezane. FM kila stesheni ina masafa yake, na mawimbi yakififia sauti hukwaruza lakini taarifa ya habari unaipata. DAB+ haiko hivyo. Stesheni kadhaa hubanwa na kufungashwa furushi moja, kisha furushi hilo hutawanywa juu ya mawimbi madogo 1,536 yanayorushwa kwa pamoja. Redio hulinasa furushi, ndipo ikuchambulie stesheni uliyoitaka. Vipande vichache vikipotea, inajikarabati yenyewe wala hujui. Vikizidi, mtangazaji anaanza kubwabwaja kama anaongea kichwa kikiwa ndani ya ndoo ya maji, halafu kimya. Kwa aliyezoea FM, kimya hicho ni redio kufa.

Sasa njia ya mkato wanayoipenda wote: kununua kigawanyio, waya wa antena ya zamani ukaingia FM na DAB kwa pamoja. Antena ile imetengenezwa kwa megahezi 87.5 hadi 108. DAB iko juu, kuanzia 174 hadi 240. Fimbo ya antena yenye urefu wa robo ya wimbi moja, kwa FM ni kama sentimita 75, kwa DAB ni kama 36. Tena antena nyingi za kwenye paa zina kikuza mawimbi ndani kinachopitisha FM tu, kwa hiyo hicho kigawanyio kinagawa kitu ambacho hakipo.

Wengine hununua antena ya kubandika kiooni wakajifungia wenyewe. Antena hizo zina kijikaratasi cha shaba ambacho lazima kiguse chuma kitupu cha bodi, kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Tuliwahi kufungua kava ya nguzo ya mteja mmoja tukakuta shaba imebandikwa juu ya plastiki, nadhifu, haina hata kikunyanzi. Kazi safi isiyonasa kitu! Tulikwangua rangi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, tukabandika upya, tukaingia kwenye menyu kuwasha umeme wa antena (redio nyingi hupeleka umeme huo kwa waya uleule, na wengi hawajui kuna swichi). Hela tunayodai ni ya hayo. Na kava kurudi bila kuvunjika vibanio nayo ni kazi.

Kuna aliyetusumbua mwezi mzima. Kwetu uani inaimba, barabarani kimya. Siku tuliyopanda naye ndipo tulipoiona chaja ya simu, ya bei ya kutupa, kwenye soketi ya kiberiti. Kelele zake za umeme ndizo zilizofunika mawimbi. Tukaichomoa, stesheni zikarudi kabla hajabadilisha gia.

Redio za nyumbani hazina mengi. Vuta antena yote, isimamishe wima maana mawimbi ya DAB kwa kawaida hurushwa wima, isogeze dirishani, kisha saka upya. Msako wa zamani ukibaki kwenye kumbukumbu, stesheni mpya hutaziona.

Kabla ya kununua redio iliyotumika, uliza: DAB au DAB+? DAB+ ilikuja mwaka 2007 na ubanaji mwingine wa sauti, na redio nyingi za kabla yake haziielewi. Hapo fundi hana dawa. Halafu hakikisha nchi uliyoko inarusha mfumo huo. Marekani wanatumia HD Radio, ndani ya masafa yaleyale ya FM. DAB yako huko itaambulia FM ya kawaida. Norwei wao walizima FM za kitaifa mwaka 2017, kwa hiyo huko asiye na DAB+ kabakiwa na stesheni ndogo za mitaani na intaneti.

Yule wa "kopo" tulimfungia antena. Amelipa ufundi mara mbili, na kesho yake kapiga simu: redio inatangaza saa sekunde kadhaa nyuma ya FM. Hiyo si hitilafu, furushi linachukua muda kufunguliwa. Usituletee.